Mali Bila Daftari: Walinzi wa Kasa wa Visiwa vya Lamu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo hutajwa zaidi madukani, lakini watu wa Lamu wanayo mali nyingine ipasayo kuandikwa, nayo ni viumbe wa bahari yao. Miongoni mwa viumbe hao hakuna anayehitaji daftari kuliko kasa.

Sababu yake ni umri. Kasa jike wa aina nyingi huanza kutaga akiwa na miaka 20 au 30, na wengine huchelewa zaidi. Katika msimu wake hupanda ufukoni mara kadhaa, na kila mara hufukia mayai 100 hivi au zaidi. Kisha hupumzika miaka miwili au mitatu kabla ya kurudi. Mayai hukaa mchangani siku 60 hivi. Katika watoto 1,000 wanaoingia baharini, wataalamu husema kwamba huenda mmoja tu akafika ukubwani. Basi mtoto wa kasa anayetoka Shela mwaka huu atarudi kutaga wakati ambapo mtoto aliye darasa la kwanza amekwisha kuwa mzazi. Ni miradi michache mno inayodumu muda huo. Kinachoweza kudumu ni ujuzi wa wenyeji, ikiwa watauandika na kurithishana.

Kazi ya kuwalinda viumbe hawa haikuanza jana. Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyo kaskazini ya visiwa hivi hadi mpakani na Somalia, iliwekwa mwaka 1979, na mwaka 1980 ikatambuliwa na UNESCO. Huko Shela, shirika la Lamu Marine Conservation Trust lilianza kazi yake mwaka 1992. Utaratibu wake ni mwepesi kufahamika. Mvuvi aonaye kiota hutoa habari. Mvuvi ambaye kasa amenasa katika jarife lake humtoa akiwa hai. Kasa hupimwa, huvishwa bamba dogo lenye nambari katika kikono chake, kisha hurudishwa baharini. Mvuvi naye hupewa kifuta jasho.

Wengi wanaojitolea katika kazi hii ni wavuvi, na wavuvi hao hawakuja mikono mitupu. Wazee wa Kibajuni walijua zamani kumvua kasa kwa kumtumia samaki mwenye tabia ya kujibandika. Samaki huyo alifungwa kamba mkiani, akaachiwa majini, akaenda kumshika kasa mgongoni. Mtu awezaye kufanya hivyo ajua kasa hulisha wapi, hupumua lini, na hupita njia gani. Elimu ile ile iliyotumika kumwua sasa yatumika kumlinda. Lakini haitoshi peke yake, na hapo ndipo mvuvi mzima, mwenye watoto wakubwa, hurudi kuwa mwanafunzi.

Hujifunza kwanza kusoma mchanga. Kasa wa kawaida huacha mburuzo mpana, karibu mita moja au zaidi, nao umelingana kulia na kushoto, kwa kuwa hujivuta kwa vikono vyote viwili pamoja. Mburuzo wa ng'amba ni mwembamba zaidi, na alama zake hupishana kama nyayo za mtu atembeaye. Si kila mburuzo wenye kiota mwisho wake. Pengine kasa amepanda, akashtushwa na taa au kelele, akarudi bila kutaga. Hayo yote huandikwa: tarehe, mahali, upana wa mburuzo, na kama mayai yamo au hayamo.

Hujifunza pili kutoharaka. Kiota kilichochimbwa chini ya mstari wa maji ya bamvua kitafurika, na mayai yataoza. Hivyo huhamishwa juu zaidi. Kuku hugeuza mayai yake kila siku bila madhara, lakini yai la kasa likigeuzwa baada ya saa chache tangu kutagwa, mtoto aliyemo huweza kufa. Mwenye huruma bila mafunzo aweza kuua kiota kizima kwa dakika kumi, naye akaenda zake akidhani ametenda wema.

Hujifunza tatu kwamba joto la mchanga ndilo liamualo jinsia. Mchanga wa moto hutoa majike wengi, na mchanga wa baridi hutoa madume. Katika zama hizi ambapo dunia yazidi kupata joto, jambo hilo si dogo. Watoto wakiisha kutoka, mlinzi hufukua kiota na kuhesabu maganda matupu na mayai yaliyoharibika, apate kujua ni wangapi waliosalimika.

Ugumu haukosekani. Jarife lililokatwa ili kumwokoa kasa ni hasara kwa mwenye nyumba, na kifuta jasho hakishoni nyavu yote. Kasa hupanda usiku, na tangu mashambulio ya Mpeketoni ya mwaka 2014 safari za usiku katika sehemu za Lamu zimekuwa na vizuizi na hatari. Bahati njema, mburuzo hubaki mchangani mpaka alfajiri, na mlinzi atembeaye baada ya sala ya asubuhi, kabla upepo na maji havijaufuta, hupata habari zote anazozihitaji.

Wako wanaouliza: faida yake nini? Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kumwua kasa, je, haitoshi? Sheria hukataza, lakini haihesabu. Na hesabu ina thamani hata mbali na kasa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Mashauri ya namna hiyo huuliza swali moja: bahari ilikuwaje kabla, na sasa ikoje? Mzee aweza kujibu kwa maneno, na maneno yake ni ya kweli. Lakini mzee mwenye daftari la miaka ishirini hajibiwi kwa urahisi.

Asiye mvuvi naye ana nafasi yake. Kila Januari, watu wa kujitolea nchini Kenya huhesabu ndege wa majini, na mpango wa Kenya Bird Map hupokea orodha za ndege kutoka kwa mtu yeyote aliyejifunza kuwatambua. Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya na visiwa ambavyo membe hutagia, haina udhuru wa kukosa majina katika orodha hizo. Karani aweza kuyanakili madaftari ya walinzi ili nakala moja ikiliwa na mchwa nyingine isalimike. Mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi ufukoni asubuhi moja wapime mburuzo kwa futi zao. Mkulima wa bara aweza kuanza na ndege wa shambani mwake, kwa tarehe na hesabu.

Wenye nyumba za pwani nao wafanye dogo lililo zito: wazime taa zitazamazo bahari. Mtoto wa kasa hufuata mwanga, na akidanganywa na taa hupanda nchi kavu, ambako kaa na kunguru humngoja.

Walioanza kutembea ufuo wa Shela mwaka 1992 wakiwa vijana sasa wamekuwa watu wa makamo. Kasa waliotoka mchangani miaka ile wamefikia umri wa kutaga. Ni wakati wa kila mlinzi kumchagua kijana mmoja, kumfundisha kusoma mburuzo, na kumkabidhi daftari.