Mtoto Asiogope Kuuliza

Wazazi wenzangu, nanyi walimu wetu, matokeo yakitoka tunaulizana shule imekuwa ya ngapi na mtoto kapata daraja gani. Hatuulizi mtoto huyo akikosea jibu darasani hufanywa nini.

Mwaka 1979 Michael Rutter na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu shule 12 za sekondari jijini London. Hata walipozingatia kwamba watoto hawakuingia na uwezo sawa, matokeo ya shule yalipishana, na ukubwa wa shule au upya wa majengo haukueleza tofauti hiyo. Yaliyohusiana nayo yalikuwa mambo ya kila siku: mwalimu kuwahi kipindi, kazi kusahihishwa, anayejitahidi kusifiwa, wanafunzi kukabidhiwa madaraka.

Kwetu Tanzania, pa kuanzia ni kidato cha kwanza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaikuta Biolojia kwa Kiingereza. Anajaribu kujibu, sentensi inapinda, darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu naye akicheka (na wapo wanaocheka), basi tena. Tangu siku hiyo mtoto ananakili ubaoni kimyakimya, na asichokielewa Februari kinamngoja kwenye mtihani wa kidato cha pili. Tutamwita mzito, kumbe tulimnyamazisha wenyewe.

Kuna na fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, mkuu wa shule awe ameidhinisha, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Nani kati yetu amewahi kuulizia daftari hilo? Mimi ningependa tufuate Kenya, iliyopiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, maana mtoto anayeogopa fimbo hawezi kusema "sijaelewa".

Simbebeshi mwalimu mzigo wote. Tangu ada ya sekondari hadi kidato cha nne ifutwe mwaka 2016, madarasa yamefurika, na sisi wazazi tunamsema vibaya mwalimu mbele ya watoto, kisha tunashangaa hawamsikilizi.

Kwa hiyo kikao kijacho cha wazazi, nenda. Muulize mwalimu wa darasa, kwa heshima, mwanao hukaa na nani na mara ya mwisho aliinua mkono lini. Nawe mjumbe wa bodi ya shule, suala la watoto kuchekwa na kuchapwa liweke kwenye ajenda, lijadiliwe kabla ya michango ya chakula.