Mwethya na Chuo Kikuu

Katika nchi ya Kitui na Makueni kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyatenga kama maji na mafuta. La kwanza ni mwethya, yaani kundi la majirani wanaokusanyika kufanya kazi kwa zamu bila ya ujira, leo kwa huyu na kesho kwa yule. La pili ni chuo kikuu. Mwethya hudhaniwa kuwa shughuli ya akina mama wasiojua kusoma, na chuo kikuu hudhaniwa kuwa makao ya mabwana waliovaa majoho. Nataka kukuonyesha, ewe msomaji, kwamba dhana hii ni ya uongo, na kwamba uongo huu una hasara. Hasara yake kubwa humwangukia msichana wa shule, ambaye huambiwa achague kimoja na kukiacha cha pili. Mimi nasema asichague. Na avishike vyote viwili, kwa maana kila kimoja bila ya mwenzake ni kilema.

Tuanze na mwethya. Ardhi ya Ukambani ina vilima vingi na mvua chache. Mvua hizo huja mara mbili kwa mwaka, na pengine hazitimii. Zinyeshapo kwa nguvu juu ya mteremko usio na kinga, maji huchukua udongo mzuri na kuutupa mtoni. Katika miaka ya 1930 maafisa wa serikali ya kikoloni waliizuru wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, wakaandika kwa huzuni kwamba nchi hiyo ilikuwa ikielekea kuwa jangwa. Lakini haikuwa jangwa. Matuta yalichimbwa kilima kwa kilima, hasa tangu miaka ya 1950. Ni nani aliyeyachimba? Wanaume wengi walikuwa mbali wakitafuta mshahara katika miji ya Nairobi na Mombasa, au katika jeshi. Kwa sehemu kubwa jembe lilishikwa na wanawake, katika mwethya. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya hiyo kutoka mwaka 1930 hata mwaka 1990. Walionyesha jambo lililowastaajabisha wataalamu wa dunia: watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua.

Tazama kadhalika bwawa la mchanga. Mito mingi ya Kitui na Makueni hujaa maji kwa siku chache tu, kisha hugeuka njia ya mchanga mkavu. Basi ukuta wa mawe na saruji hujengwa kuukata mto, mahali ambapo mwamba uko karibu chini. Mafuriko yajapo, mchanga mzito hutuama nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu yake. Baada ya misimu michache mahali pale hujaa mchanga, na ndani ya mchanga ule hukaa maji, pengine theluthi ya ujazo wote, yakiwa yamefichwa jua lisiyanyonye. Mabwawa ya namna hii yamejengwa kwa mamia. Katika kubeba mawe, kusomba mchanga na kuchota maji ya kukandia saruji, mikono ya wanawake haikuwa michache. Tena fundi mwenye busara, kabla ya kupima, huwauliza akina mama ni wapi mto hukawia kukauka. Huwauliza wao kwa sababu ndio walioinama pale miaka mingi wakifukua mchanga kwa kibuyu.

Je, hii si elimu? Kujua mwendo wa maji chini ya ardhi, kujua mteremko unaofaa tuta, kutunza fedha za kikundi na kuzigawa bila ya ugomvi, yote haya ni maarifa, na vyuo vikuu vina wataalamu wanaolipwa kwa kuyafundisha. Lakini angalia jinsi maarifa haya yanavyosafiri. Mchunguzi huja na daftari lake, huuliza, hujibiwa kwa ukarimu, hunywa chai, hurudi mjini, naye hutunukiwa shahada. Simwiti mwizi, maana bila ya yeye mambo mengi yangalipotea. Nasema ni aibu yetu sisi kwamba aghalabu mchunguzi huyo si binti wa mama aliyehojiwa. Mama ametoa maarifa kwa mkono wa kulia, na binti yake amenyimwa karo kwa mkono wa kushoto.

Hapa nitapingwa na watu wa namna tatu, nami nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni yule asemaye kuwa mikutano ya wanawake ni mahali pa umbeya. Huyu na asome historia ya kwao. Nyiva Mwendwa alichaguliwa kuwa mbunge wa Kitui Magharibi mwaka 1974, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza katika Kenya kuwa waziri kamili. Charity Ngilu alifanya kazi na vikundi vya wanawake wa Kitui kabla ya kuwa mtu wa siasa, naye amesimulia kuwa wanawake wenzake ndio waliomwendea nyumbani kumwomba agombee. Aliingia bungeni mwaka 1992, akagombea urais mwaka 1997, na mwaka 2017 akawa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana. Waweza kuyapenda maamuzi ya viongozi hawa au kuyachukia, hiyo ni haki yako. Lakini huwezi kusema kwamba mkutano uliompeleka mtu mpaka kwenye karatasi ya kura ya urais ulikuwa umbeya.

Mpinzani wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu haongei barazani. Huongea usiku, karo inapohesabiwa. Husema, "Fedha hazitoshi wote wawili, mvulana na atangulie, maana binti ataolewa katika ukoo mwingine." Kauli hii hujivika vazi la umaskini ili tuione kuwa ni ya lazima. Umaskini upo, wala siukani. Ndengu zinapokauka shambani na mbuzi wanapouzwa kwa bei ya kutupa, mzazi hulia kwa haki. Tangu mwaka 2008 serikali imegharimia masomo katika shule za sekondari za kutwa, lakini sare, chakula na mahitaji mengine hayajaacha kugonga mlango. Hata hivyo nauliza: umaskini ulimfundisha nani kwamba mvulana ndiye wa mbele? Njaa haijui kuchagua kati ya mvulana na msichana. Anayechagua ni binadamu.

Uchaguzi huo ni wa zamani. Shule ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1926, na ya wasichana mwaka 1948, yaani miaka 22 baadaye. Makerere, chuo kikuu cha wazee wetu wengi, hakikupokea wanawake mpaka mwaka 1945. Kabla ya hapo wito wake ulikuwa na maana ya "Na tuwe wanaume", nao ulibadilishwa walipoingia. Basi mtu akikuambia kuwa wanawake wasomi ni wachache kwa sababu hawakupenda kusoma, mwulize: utamlaumuje mtu kwa kuchelewa safarini ilhali ulimfungia mlango hata jua likawa utosini?

Mpinzani wa tatu husema kuwa madai ya haki za wanawake ni mzigo uliotoka ng'ambo. Mwaka 1911, kabla ya mikutano ya kimataifa tunayoisikia leo, mwanamke wa Ukambani aitwaye Siotune wa Kathuke aliwakusanya watu kwa ngoma na kuwahimiza wasiwatii wakoloni. Serikali iliingiwa na hofu, ikamhamishia mbali. Siotune hakusoma kitabu cha Ulaya. Wala ngoma ya kilumi, ambayo wanawake wa Ukambani wameicheza vizazi kwa vizazi, haikuletwa na meli.

Hata hivyo si vibaya kujifunza kwa jirani, hata akiwa mbali. Katika Marekani wapo wanawake wenye asili ya Meksiko ambao wengi wao hujiita Chicana, na wapo wenzao wenye asili ya nchi nyingine za Amerika ya Kusini na ya Kati waitwao Latina. Wazazi wa wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba na viwanda. Dolores Huerta, mmoja wao, alishirikiana na César Chávez kuanzisha chama cha wafanyakazi wa mashamba mwaka 1962. Mabinti wa vibarua walipoanza kuingia katika vyuo vikuu walikuta upweke mkubwa: darasani hawakusoma habari za mama zao, na nyumbani hawakueleweka. Walifanya nini? Mwaka 1982, huko California, walianzisha umoja wao uitwao Mujeres Activas en Letras y Cambio Social, na jina hilo maana yake ni wanawake watendao kazi katika elimu na mabadiliko ya jamii. Waliungama wazi kwamba wao ni mabinti wa watu wa kazi. Walianzisha makutano ya majira ya joto, ambapo mwalimu wa chuo kikuu, mwanafunzi na mtumishi wa mtaani hukaa pamoja na kusikilizana. Wana pia jarida lao la kitaalamu. Hawakuichagua elimu wakaitupa jamii, wala hawakuichagua jamii wakaitupa elimu. Lililowezekana kwa mabinti wa vibarua wa California litawashindaje mabinti wa wachimba matuta wa Mbooni na Mwingi?

Kwetu Kenya mfano hauko mbali. Wangari Maathai alikwenda Marekani kusoma mwaka 1960, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Angeweza kukaa katika maabara yake na kuheshimiwa. Lakini wakati wa matayarisho ya mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Meksiko mwaka 1975, aliwasikia wanawake wa mashambani wakieleza shida zao: kuni zimekwisha, maji si safi, chakula hakina lishe. Msomi aliyadharau maneno hayo angeyaita malalamiko. Yeye aliyaona kuwa ni tatizo moja lenye mzizi mmoja, nao ni miti iliyokatwa. Mwaka 1977 alianza kupanda miti pamoja na wanawake hao, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani. Elimu yake ilimpa jicho, na mkutano wa akina mama ukamwonyesha la kutazama.

Sasa basi, tufanye nini? Kulalamika bila ya shauri ni kupiga ngoma katika nyumba tupu. Kwanza, kila kikundi cha wanawake kinachoweka akiba na kiweke fungu la masomo ya wasichana, dogo liwavyo, na siku ya mkutano yasomwe hadharani majina ya mabinti wanaostahili, pamoja na tarehe za kuomba misaada ya karo na mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995. Nafasi nyingi hupotea kwa sababu habari zimekawia njiani, wala si kwa sababu mwombaji ni mjinga. Pili, Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013 na chenye makao Kwa Vonza katika Kitui, kina jirani wenye maarifa. Na kiwaalike akina mama wa mwethya wazungumze kwa Kikamba na Kiswahili mbele ya wanafunzi, na uchunguzi uliofanywa vijijini urudishwe vijijini ukasomwe kwa lugha inayofahamika. Tatu, msichana aliyejifungua asizibiwe njia. Tangu mwaka 1994 mwongozo wa serikali umemruhusu kurudi shuleni, na mwaka 2020 ulitolewa mwongozo mwingine juu ya jambo hilo hilo. Ruhusa iliyo katika karatasi tu haimvuki mtu mto. Ni jamii inayopaswa kumlea mtoto mchanga ili mama yake akasome.

Nawe, msichana usomaye maneno haya, una deni lako. Usirudi likizo ukaona haya kukaa na akina mama kwa sababu mikono yao ina sugu. Keti nao, shika kiondo ujifunze kusuka, uliza ni nani aliyechimba tuta la kwanza na ni nani aliyeweka jiwe la kwanza la bwawa, kisha uandike. Daftari lako la leo laweza kuwa kitabu cha kesho, na safari hii jina la juu ya jalada litakuwa la binti wa mwenye maarifa. Wala usikubali kikundi kikuite kwa ajili ya kuandika kumbukumbu tu. Nawe toa shauri, na shauri lako lipimwe.

Nawe, mvulana, usidhani kuwa makala haya hayakuhusu. Karo itakapohesabiwa usiku, na dada yako akawekwa nyuma, wewe uliyewekwa mbele ndiye shahidi wa pekee ambaye maneno yake hayatadhaniwa kuwa ya kujipendelea. Nyamaza, na utakuwa umeshiriki. Sema, na huenda ukafungua mlango ambao mama yako aliusukuma miaka mingi peke yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wanawake wa Kitui na Makueni walikijua kidole hicho wakaongeza cha pili, wakaziokoa ardhi na mito yao. Haitakuwa heshima kwetu kuyala matunda ya mwethya na kuuacha mlango wa chuo ukiwa umefungwa mbele ya binti zao. Mwethya wa kizazi chako ni huu: kuufungua mlango huo, na kuuacha wazi kwa ajili ya wajao nyuma yako.