Sheria yahesabu saa za dereva wa lori, mwajiri ahesabu safari

SAA kumi na moja alfajiri, malori ya trela huwa tayari yamejipanga kando ya barabara ziendazo katika bandari ya nchi kavu ya Embakasi, jijini Nairobi. Madereva wamelaza vichwa juu ya usukani. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika magorofa ya Pipeline, Tassia na Fedha, wake na watoto wa baadhi yao wangali usingizini. Mpita njia aweza kushangaa kwa nini mtu aliye karibu hivyo na kitanda chake asipande bodaboda akajinyoshe kwa saa mbili.

Hathubutu. Foleni ikisonga naye hayupo, atapoteza zamu yake. Mafuta yakifyonzwa kutoka kwa tangi, atakatwa pesa. Kontena likiguswa, atalala korokoroni. Basi hukaa hapo hapo, akiwa kazini bila kuhesabiwa kuwa kazini, na akiwa nyumbani bila kufika nyumbani.

Taswira hii yabeba kiini cha suala ambalo taifa limekuwa likilikwepa kwa miaka mingi. Tumejadili uzito wa malori, mwendo wa malori na ushuru wa mizigo. Tumejadili iwapo mizigo isafirishwe kwa reli au kwa barabara. Swali ambalo halijajibiwa ni moja: Je, ni nani alipiaye saa za dereva?

Sheria haikukaa kimya. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki yaliyopitishwa mwaka 2012 yaliweka kifungu kinachokataza mtu yeyote kuendesha gari la abiria au la biashara kwa zaidi ya jumla ya saa nane katika kila saa 24. Ni kanuni nzuri, fupi na isiyo na utata. Kasoro ni kwamba maisha ya barabarani huendeshwa kwa hesabu nyingine kabisa.

Tuchukue safari ya kawaida. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Trela lililojaa, likipanda Mlima Mazeras, likipambana na msongamano wa Mlolongo na kukwea Bonde la Ufa, halitarajiwi kuwa na wastani wa zaidi ya kilomita 45 kwa saa. Hizo ni takribani saa 20 za usukani. Dereva akitii sheria, safari hiyo ni ya siku tatu kabla hajafika mpakani, mbali na saa za kusubiri mzigo bandarini, katika mizani na katika vituo vya forodha.

Wapo madereva wenye bahati, walioajiriwa kwa mkataba wa maandishi na mshahara wa mwezi. Wengine hulipwa kwa safari. Na hata miongoni mwa wenye mshahara, kinachokamilisha kodi ya nyumba na karo ya watoto ni posho ya safari. Jirani yangu mmoja hapa Eastlands, aliyezeekea katika kazi hii, ameniambia mara nyingi kwamba mkewe hahesabu siku za mwezi, huhesabu safari. Mwezi wa safari nne ni mwezi wa kheri. Mwezi wa safari mbili ni mwezi wa kukopa dukani na kumkwepa wakala wa nyumba.

Hapo ndipo sheria na mfuko vinapokinzana. Lori likikaa siku nne Malaba, siku hizo hazina malipo, ila dereva atajaribu kuzifidia. Atazifidia vipi? Kwa kuendesha usiku. Saa alizopotezewa na wengine mchana, huzilipa yeye kwa usingizi wake.

Urithi wa reli

Eastlands yenyewe ni ushahidi kwamba mambo hayakuwa hivi tangu jadi. Mitaa ya Muthurwa, Landi Mawe na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Ilikuwa mitaa ya vyumba vidogo na ubaguzi wa kikoloni, wala sikusudii kuipamba. Hata hivyo, mwajiri aliyehitaji mtu wa kusafirisha mizigo kutoka pwani hadi Uganda alitambua kwamba mtu huyo anahitaji pa kulala, zamu inayojulikana na kiinua mgongo baada ya utumishi.

Reli ilipozorota katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, mizigo ilihamia barabarani. Hata kampuni ya Rift Valley Railways, iliyokabidhiwa reli hiyo mwaka 2006, haikuweza kuirejesha mizigo hiyo hadi mkataba wake ulipokatizwa mwaka 2017. Dereva wa lori akarithi kazi ya mtu wa reli. Alirithi mzigo, njia na hata mitaa ya kuishi. Hakurithi nyumba ya mwajiri, zamu wala kiinua mgongo. Wengi wa wajukuu wa watu wa reli wangali hapa Eastlands, lakini mkataba wa babu ulizikwa naye.

Mabadiliko yaliyofuata yalithibitisha jinsi dereva alivyo mbali na meza ya maamuzi. Treni za mizigo za reli ya kisasa zilianza kufika Embakasi Januari 2018, na bandari hiyo ya nchi kavu ikapanuliwa ili iweze kushughulikia makontena 450,000 ya futi 20 kwa mwaka. Agosti 2019, serikali iliagiza kwamba mizigo yote ya Nairobi na ya nchi jirani isafirishwe kwa reli. Maandamano yakazuka Mombasa, na kufikia Oktoba mwaka huo agizo hilo likasitishwa. Mnamo Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kukagua na kutoa mizigo zingerejeshwa Mombasa.

Kila uamuzi ulikuwa na hoja zake. Reli ilikuwa na deni la Wachina la kulipwa. Mombasa ilikuwa na uchumi wa kulindwa. Lakini kila mara mkondo ulipogeuzwa, dereva wa Kayole au Komarock alilazimika kujipanga upya kwa gharama yake: leo mzigo wauchukulia Embakasi karibu na nyumbani, kesho waufuata Mombasa. Fahali walipigana, nyasi zikaumia, na hakuna aliyeziuliza nyasi.

Wakati wa janga la Covid-19 hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 2020 madereva walipanga foleni za makumi ya kilomita wakisubiri kupimwa katika mpaka wa Malaba na ule wa Busia. Walitajwa kila jioni katika taarifa za wizara za afya kana kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Uganda ilifikia hatua ya kuwaondoa madereva wa kigeni katika hesabu ya wagonjwa wake. Januari 2022 Kampala ilipotaka kila dereva alipie dola 30 ili apimwe, madereva waligoma; bei ya petroli nchini Uganda ikapanda, na hatimaye ada hiyo ikaondolewa. Ilikuwa mojawapo ya nyakati chache ambapo kanda hii iliona kwa macho yake thamani ya mtu aliyeketi nyuma ya usukani.

Nyakati hizo ni chache kwa sababu inayoeleweka. Madereva wa masafa marefu wana chama chao nchini Kenya, ila chama ambacho wanachama wake leo wako Mariakani, kesho Elegu na keshokutwa Kigali ni vigumu kukiitisha mkutano. Mfanyakazi wa kiwanda hugoma langoni pa kiwanda. Dereva akigoma, hugoma akiwa peke yake porini na mali ya mtu yenye thamani ya mamilioni.

Mgala na haki yake

Mgala muue na haki yake umpe. Vivyo hivyo, dereva mpe haki yake na kosa lake umwambie. Wapo wanaotoa gia na kuliacha lori literemke lenyewe ili kuokoa mafuta watakayoyauza. Wapo wanaotafuna miraa usiku kucha na kujidanganya kwamba macho yaliyo wazi ni macho yanayoona. Wapo wanaowapakia abiria kinyume cha maagizo.

Na maafa tunayakumbuka. Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliangamia Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lililopinduka liliposhika moto huku wanakijiji wakichota petroli. Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki basi na lori vilipogongana Migaa, karibu na Salgaa. Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, likawaua watu zaidi ya 50, wakiwemo wachuuzi waliokuwa wakijitafutia riziki kando ya barabara.

Sisemi kwamba uchovu ndio uliosababisha mikasa hiyo; kila mmoja ulikuwa na chanzo chake. Nasema kwamba baada ya kila mkasa tulizungumzia breki, vizuizi, matuta na wachuuzi waliokaribia barabara mno. Ni nadra mno kusikia swali la iwapo dereva alikuwa amelala, na kwa muda gani.

Si kwamba hatuna njia ya kujua. Mizani za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye hupima lori kwa kilo ili lisizidi kiwango kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho ni tani 56 kwa malori makubwa zaidi. Mizigo inayopita kwenda nchi jirani hufungwa lakiri za kielektroniki ambazo mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda huzifuatilia kutoka ofisini. Kampuni nyingi nazo zimetia malori yao vifaa vya kuonyesha lilipo, linakwenda kasi gani na limesimama tangu lini. Lori likisimama mahali pasipotarajiwa kwa nusu saa, simu ya dereva huita.

Kwa ufupi, saa za dereva tayari zimeandikwa. Zimo katika kompyuta za mwajiri. Zatumiwa kulinda kontena lisiibwe, wala hazitumiwi kumlinda anayeliendesha, au yule mwanamke anayeuza viazi kando ya barabara.

Kinachoweza kufanywa

Katika Muungano wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 huruhusu dereva kuendesha kwa saa tisa kwa siku, na humtaka apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu. Kanuni hiyo inakwenda mbali zaidi: yamkataza mwajiri kumlipa dereva kwa kuzingatia umbali au wingi wa mizigo iwapo malipo ya aina hiyo yanahatarisha usalama barabarani. Wazungu hao walitambua jambo lililo wazi kwa kila mke wa dereva wa Umoja: ukinunua kilomita, utauziwa kilomita, hata kama muuzaji anasinzia.

Kenya haihitaji kunakili kila kitu. Ila mambo matatu yawezekana. Kwanza, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ipewe uwezo wa kukagua kumbukumbu za vifaa hivyo mara kwa mara, si baada ya mazishi pekee. Pili, mkataba wa dereva utaje malipo ya saa za kusubiri bandarini na mpakani, ili ucheleweshaji uwaume wenye uwezo wa kuuondoa. Tatu, pajengwe maegesho yenye ulinzi katika barabara kuu na Embakasi kwenyewe, ili dereva aweze kuliacha lori akalale bila hofu.

Wenye malori watasema kwamba gharama itapanda, na hawatakuwa wanasema uongo. Wengi si matajiri. Ni watu wenye lori moja au mawili, wenye mkopo wa benki, na wanaoshindania mzigo na kampuni kubwa. Wao pia hawalipwi lori linapokwama mpakani. Ndiyo maana jukumu hili haliwezi kuachiwa mwajiri peke yake. Mwenye mzigo, wakala wa forodha na serikali zinazochelewesha nyaraka lazima wachangie bei ya saa wanazozipoteza.

Tena gharama hiyo si mpya. Inalipwa hata sasa. Hulipwa na kaya za Eastlands ambazo baba huonekana siku nne kwa mwezi, na ambazo, akipata kiharusi au ajali, hugundua kwamba hakuna aliyekuwa akimwekea akiba ya uzeeni. Hulipwa na abiria wa basi lililokutana na lori usiku wa manane. Tunachopendekeza ni kuihamisha ankara hiyo kutoka kwa asiyeweza kupinga hadi kwa anayefaidika.

Huko Embakasi foleni itasonga asubuhi hii kama ilivyosonga jana. Mmoja wa madereva hao atapewa kontena lake adhuhuri, baada ya kukesha, na ataambiwa kwamba mwenye mzigo analisubiri Kampala kesho. Kwa mujibu wa sheria, ana saa nane za kuendesha. Kwa mujibu wa mwajiri, safari ndiyo kwanza inaanza.