Lengelenge si Shahidi

Ukikaa Mwembe Tayari kutwa moja, penye kahawa au mlangoni mwa soko, hutakosa kusikia kwamba fulani kanasa. Kanasa nini? Tego. Yaani kamwendea mke wa mtu aliyezindikwa, na sasa tupu yake imetoka malengelenge, hakojoi ila kwa kulia. Wasikilizaji hucheka. Mwenye kuumwa naye haendi kwa daktari. Huanza kwa mganga, akatoka huko akanywa kombe, kisha akapita duka la dawa kuomba sindano ya penisilini kwa sauti ya chini. Sindano haimfai kitu. Baada ya wiki tatu vidonda hukauka vyenyewe, na mganga hupata sifa.

Mimi, ndugu wasomaji, sina ugomvi na kombe, nimekuzwa nalo. Ugomvi wangu ni na hilo jina. Tego ni hukumu, si maradhi. Ukiliita lengelenge tego umekwisha kumtia mtu zinaa kabla hujamuuliza, na jambo hili lavunja majumba zaidi ya vidonda vyenyewe.

Maradhi yenyewe ni kirusi cha namna mbili: cha kwanza hukaa zaidi mdomoni, cha pili tupuni, ijapokuwa siku hizi cha kwanza nacho huonekana huko chini. Huambukiza kwa ngozi kugusana na ngozi. Kikijitokeza upesi, aghalabu ni baina ya siku 2 na 12 tangu kuingia. Mtu hushikwa na homa, viungo vikamuuma, mitoki ya kinena ikavimba, na mahali penyewe pakawasha kama pamepakwa pilipili. Kisha hutoka vilengelenge vidogo vidogo vya kukusanyika pamoja, vikapasuka, vikawa vidonda vinavyochoma vikiguswa na mkojo. (Kujimiminia maji ya vuguvugu wakati wa haja hupunguza uchungu, na sisi, alhamdulillahi, hatukosi kata chooni.) Hupona kwa wiki 2 hadi 4. Kirusi hakitoki, hulala katika mishipa ya fahamu, na siku moja chaweza kuamka tena, kwa nguvu ndogo.

Lakini wengi hawaumwi hivyo. Wengi hawaoni kitu, au huona kijipele wakadhani ni joto. Uchunguzi wa serikali wa 2007 uliopima ukimwi Kenya nzima ulipima pia kirusi hiki cha pili: katika kila watu 100 wa miaka 15 hadi 64, kama 35 walikuwa nacho, wanawake 42, wanaume 26. Je, wote hao ni wazinifu? Sisi watu wa pwani twaoa, twaacha, twaoa tena; mjane huolewa, na mume huwa na wake wawili. Kirusi kilichoingia katika nikaha ya kwanza, yenye mahari yake na mashahidi wake, chaweza kuhamia nikaha ya tatu pasi na mtu kukosa adabu. Na lengelenge laweza kuonekana kwa mara ya kwanza miaka mingi baada ya kirusi kuingia.

Namjua bibi mmoja, mtaa sitautaja, aliyerudishwa kwao na sanduku lake kwa sababu hiyo. Mumewe alisema, "Mimi sina kitu, basi kakitoa wapi?" Akatoa talaka moja. Wazee tukakutana, na katika sote hakuna aliyeuliza kama mume amepimwa, mpaka mjomba wa yule bibi, mtu wa maneno machache, alipouliza. Mume akaenda kwa daktari akinung'unika. Huko akakumbuka upele uliokuwa ukimtoka kinenani tangu enzi za mke wake wa kwanza, akiuona ni wa jasho. Ulipomtoka tena ukapimwa: ni kile kile. Alimrejea mkewe kabla ya eda kwisha, lakini maneno yaliyokwisha kusemwa barazani hayana eda.

Twasoma Suratun Nur kila siku. Mwenye kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila mashahidi wanne hukumu yake ni bakora 80, na ushahidi wake haukubaliwi. Hata mume aliyeona kwa macho yake peke yake hakuachiwa ulimi. Amewekewa li'ani, aape mara nne na ya tano ajitakie laana. Sasa ni nani aliyelifanya lengelenge kuwa shahidi wa tano? Sisemi kwamba hakuna zinaa mjini. Nasema kidonda hakiwezi kuithibitisha.

Wala maabara haiwezi. Kipimo kizuri ni cha kidonda chenyewe: daktari hupitisha kijiti chenye pamba juu ya lengelenge bichi, na kirusi hutafutwa humo. Likikauka huenda kijiti kisipate kitu, kwa hivyo mtu aende siku ya kwanza au ya pili. Kipimo cha damu hutafuta kinga iliyotengenezwa na mwili, nayo huweza kuchukua wiki 12 au zaidi kuonekana. Ukipimwa damu wiki ya kwanza ukaambiwa huna, hujaambiwa kitu. Tena vipimo hivyo vya damu vimeonekana, Uganda na hapa Kenya, kumpa mtu maradhi asiyokuwa nayo. Kijiti kikisema kipo na damu ikasema kinga bado, daktari atajua kwamba kwako ni kipya. Lakini aliyekuambukiza aweza kuwa nacho miaka, bila kujua, na bila kidonda hata siku hiyo. Hakuna kipimo kitajacho jina.

Pasipo na kijiti, daktari hutibu kwa alichokiona. Muombe akupime kaswende na ukimwi papo hapo. Kidonda cha kaswende aghalabu ni kimoja, kigumu, hakiumi, na hicho ndicho penisilini ikifaacho. Na mwenye kirusi cha malengelenge hatari yake ya kupata ukimwi ni kama mara 3. Dawa ya malengelenge ni vidonge vya asikloviri, bora vianzwe ndani ya siku 3. Havikiondoi kirusi, hufupisha mateso. Maadamu kuna vidonda mke na mume watengane, kama wanavyotengana siku za hedhi.

Mtasema haya. Haya gani? Chuoni tulisomeshwa Safina tungali watoto: janaba, hedhi, nifasi, na mwalimu hakuinamisha kichwa. Mtu aliyeyajua hayo utotoni, leo ana ndevu nyeupe, kutoka Mwembe Tayari hadi hospitali ya Makadara aona ni mbali kuliko kwa mganga wa Kwale.

Na mja mzito asingoje. Kirusi kikimwingia mara ya kwanza katika miezi ya mwisho, mtoto aweza kukipata wakati wa kuzaliwa, na kwa kichanga chaweza kuua. Amwambie mkunga mapema, na mume aliye na upele wa mara kwa mara amwambie mkewe kabla ya hapo.