Mzazi wa Mmisionari Naye Aalikwe

Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846. Alipoondoka pwani kurudi Ujerumani mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu, na mwaka uliofuata akafariki. Kwa mmisionari wa zama zake, mzazi kupanda merikebu ili kumjulia hali mwanawe lilikuwa jambo lisilofikirika. Hata Wabenedikto waliofungua Peramiho mwaka 1898 walikuja wakijua kwamba huenda makaburi yao yangechimbwa hukuhuku. Utume ulikuwa talaka na ukoo.

Leo mkondo umegeuka. Mapadre na masista kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wanahudumia parokia za Ulaya na Marekani. Upande wa Waprotestanti, chama cha misioni cha VEM chenye makao yake Wuppertal kiligeuka mwaka 1996 kuwa jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani. Tangu hapo dayosisi kama Karagwe na ile ya Kaskazini Magharibi kule Bukoba si za kupokea wamisionari tu, nazo hupeleka watu wao. Swali ambalo makanisa yetu hulikwepa ni hili: mzazi wa huyo aliyepelekwa amtembelee? Na nauli atoe nani?

Wapo wanaosema asiende. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho limeliweka wazi: kijana akiwa misioni, miezi 18 kwa mabinti na 24 kwa wavulana, ndugu na marafiki wasimtembelee. Hata simu za kila wiki ziliruhusiwa mwaka 2019 tu; kabla ya hapo ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama. Utaratibu huo ni mkali, lakini una mantiki yake, kwa kuwa tarehe ya kurudi inajulikana na mzazi anahesabu miezi. Kwa padre aliyekwenda Bavaria bila kujua atarudi lini, mantiki hiyo haishiki.

Wengine huegemea Maandiko, pale Bwana anaposema juu ya kuacha baba na mama. Sawa. Lakini katika Injili ya Marko, sura ya saba, anawakemea wanaotumia sadaka kama kisingizio cha kukwepa wajibu kwa wazazi. Na mama yake mwenyewe alimfuata kazini, akasimama nje akiulizia habari zake. Jibu alilopewa lilikuwa gumu, lakini baadaye hakuambiwa asisogee msalabani.

Mimi nasema ziara ya mzazi isiwe hisani. Iwe kipengele cha mkataba wa utume, kama ilivyo likizo na bima.

Sababu yangu kubwa si huruma, ni ukweli. Mtoto aliye ng'ambo hutuma picha za kanisa zuri na theluji, na kijijini watu husoma utajiri. Hawaoni nyumba kubwa ya parokia anayolala peke yake, wala Jumapili ya wazee wachache kwenye viti vya watu mia tatu, wala mazishi yanayozidi ubatizo, wala giza linaloingia saa kumi na nusu alasiri mwezi Desemba. Mzazi akikaa naye wiki tatu atauliza swali ambalo askofu haulizi: jioni unakula nini, na unakula na nani? Akirudi nyumbani, maombi ya ada, bati na pikipiki hupungua, kwa sababu sasa yupo shahidi anayeaminika. Mtoto naye huacha kuficha.

Wenyeji nao hujifunza. Padre kutoka Afrika huonekana kirahisi kama mtu wa kuziba pengo la upungufu wa mapadre. Mama yake akiketi benchi la mbele, waumini hulazimika kuona kwamba kuna nyumba iliyotoa mtu ili wao wapate misa.

Ziara ina hatari zake, nisizifiche. Mzazi anaweza kuyaona hayo yote akasema, mwanangu, funga virago turudi. Au akageuzwa maonyesho: avalishwe kitenge, aimbe, asimulie habari za visima mbele ya watu wanaochangisha. Hilo la pili linaniudhi zaidi.

Ila kikwazo kikuu kiko ubalozini. Mjerumani anayetaka kumwona bintiye anayejitolea Tanga huomba viza mtandaoni akiwa sebuleni kwake, analipa dola 50. Mzazi wa Karagwe hulipa euro 90 tangu Juni 2024, fedha ambayo hairudi hata akinyimwa, anunue bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, kisha asafiri zaidi ya kilomita 1,300 hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Huko anatakiwa athibitishe kwamba atarudi. Ana kibanja cha migomba alichorithi, kisicho na hati. Hana mshahara wala taarifa ya benki ya kuonyesha. Mwanawe hawezi kumsaidia sana: mtawa mwenye nadhiri ya ufukara hana kipato chake cha kuweka dhamana.

Hapo ndipo taasisi inapopaswa kuingia. Dayosisi au shirika linalompokea mmisionari lina jina, lina akaunti, na linaweza kusaini hati ya udhamini ambayo ofisa wa viza hataipuuza kirahisi. Barua ya mwaliko itoke ofisini kwao. Nauli iingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kusaini mkataba, isingojee mwaka wa tano, baba akiwa na miaka themanini na daktari amekwisha kumkataza ndege. Asiyekuwa na mzazi aalike dada au mjomba aliyemlea, ili jumuiya isigawanyike kwa wivu.

Ziara isipangwe wakati wa Krismasi, ingawa ndiyo siku ambayo kila mtu huitaja kwanza. Siku hizo padre huzunguka kanisa hadi kanisa tangu mkesha, na mgeni atabaki peke yake karibu na hita akitazama televisheni asiyoielewa. Juni inafaa zaidi, na hata koti zito halitahitajika.