Suruali yashonwa Mombasa, data yake ni ya nani?

Mpwa wangu hushona suruali katika kiwanda kimoja cha EPZ hapa Mombasa. Kazi yake ni mifuko ya nyuma tu, kuanzia asubuhi hadi jioni. Majuzi alipita nyumbani akitoka kazini, akanieleza kwamba kiwandani walikuja wageni na fomu ndefu. Walitaka kujua kitambaa kimetoka wapi, pamba yake ililimwa nchi gani, kiwanda chatumia umeme kiasi gani kwa mwezi na maji machafu yamwagwa wapi.

"Mjomba," akaniuliza, "hawa wanunua suruali au wanunua habari?"

Nilicheka, lakini swali lenyewe si la kucheka. Kusema kweli, sasa wanunua vyote viwili, na bei ya habari hatujaijadili.

Tuanzie zinakotoka fomu hizo. Tarehe 18 Julai 2024, Muungano wa Ulaya (EU) ulianza kutekeleza sheria mpya kuhusu bidhaa zisizoharibu mazingira. Ndani yake mna kitu kiitwacho pasipoti ya kidijitali ya bidhaa. Mteja ataelekeza simu yake kwenye alama iliyo kwenye lebo, na hapo ataona bidhaa imetengenezwa kwa nini, imetoka wapi na inaweza kurekebishwa vipi. Mpango wa utekelezaji uliotolewa Aprili 2025 uliziweka nguo katika kundi la mwanzo, pamoja na chuma, alumini, fanicha, magodoro na matairi. Betri zimetangulia kwa sheria yake zenyewe: kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri ya gari la umeme haitauzwa Ulaya bila pasipoti.

Sasa fikiria kazi ya kujaza pasipoti hiyo. Aliyeshona mfuko hajui pamba ililimwaje. Mwenye duka Ulaya hajui mashine za Mombasa zala umeme kiasi gani. Habari zimetawanyika kwa watu kumi, ishirini, wengine hawajuani kabisa. Ndipo viwanda vya nchi tajiri vikaanza kujenga kile ninachokiita soko la pamoja la data.

Mfano mkubwa ni Catena-X wa Ujerumani, ulioanzishwa 2021 na kampuni za sekta ya magari na wenzao, zikiwemo BMW, Mercedes-Benz, Bosch, BASF, Siemens na SAP. Japani nayo ilianzisha mpango wake, Ouranos, mwaka 2023.

Mawakala wa forodha wa Kilindini wataelewa haraka nikilinganisha na mfumo wa KenTrade. Huko, nyaraka za mzigo huingizwa katika mfumo mmoja wa serikali, na idara mbalimbali huzishughulikia humo humo. Catena-X ni tofauti. Hakuna ghala moja la data. Kila kampuni yabaki na data yake nyumbani kwake, katika kompyuta zake. Mwenzake akihitaji kitu, aomba kupitia programu maalum, na mwenye data huambatisha masharti: utumie kwa kazi hii tu, usimpe mwingine. Wote wamekubaliana lugha moja ya kuandika data, ili kipimo cha kaboni cha kampuni moja kisomeke na nyingine bila mtafsiri.

Faida yake ni ya kweli. Kipuri cha breki kikigunduliwa kina kasoro, kampuni haina haja ya kuyarudisha gereji magari yote ya aina hiyo. Hufuata data nyuma hadi siku kilipotengenezwa, ikayaita magari yaliyofungwa vipuri vya siku hiyo pekee. Ni hasara ndogo, na taka ni kidogo pia.

Lakini tazama ni nani walioketi mezani masharti yalipoandikwa. Ni wanunuzi wakubwa. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yachimbwa Kongo, na sehemu kubwa yatoka kwenye migodi ya Kolwezi na vitongoji vyake, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Pasipoti ya betri itaeleza habari za madini hayo. Mchimbaji ataandikwa ndani ya pasipoti, lakini hakuulizwa pasipoti iandikweje. Hofu yangu ni kuwa washonaji wa Mombasa nao wasije wakapitishwa njia hiyo hiyo.

Najua kuna atakayesema Ulaya si mteja wetu mkuu. Ni kweli, nguo nyingi za EPZ za Kenya zimekuwa zikienda Marekani. Lakini tumeshaona namna mlango wa Marekani unavyotegemea siasa za Washington. Kuutegemea huo peke yake ni sawa na mvuvi kuwa na dema moja. Mkataba wetu wa kibiashara na EU ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024, nao waruhusu bidhaa za Kenya kuingia huko bila ushuru na bila kiwango cha juu. Itakuwa ajabu mlango wa ushuru ufunguliwe, kisha tuzuiwe na mlango wa data.

Tena hapa tuna neema ambayo hatuitumii. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya watoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya maji na upepo. Kwa hivyo mshono wa Mombasa, ukipimwa kwa haki, una kaboni kidogo kuliko mshono wa kiwanda kinachoendeshwa kwa umeme wa makaa ya mawe. Hiyo ni sifa ya kuuzia bidhaa. Lakini sifa isiyo na hesabu haimsaidii muuzaji. Kiwanda kisipotoa takwimu zake chenyewe, mnunuzi hutumia wastani wa jumla, na katika wastani huo neema yetu yapotea. Anayekataa kutoa data kabisa ajinyima mwenyewe.

Je, tutoe kila tunachoulizwa? Hapana. Mnunuzi akijua umeme wako, maji yako na dakika zinazotumika kushona suruali moja, amejua gharama zako zote. Msimu ujao atakuja na bei yake mkononi, na wewe huna la kujibu. Fomu iliyoitwa ya mazingira imekuwa fomu ya kukubana bei. Na kiwanda kikibanwa bei, mzigo hushuka hadi kwa mshonaji.

Ulaya wenyewe waliiona hatari hii. Sheria yao ya data, inayotumika tangu tarehe 12 Septemba 2025, yampa mtumiaji wa mashine haki ya data inayotokana na mashine hiyo, na yabatilisha masharti ya dhuluma ambayo kampuni moja yamlazimisha mwenzake kuhusu data. Lakini walijitungia wao, kwa soko lao. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo ni sheria nzuri, ila yalinda habari za mtu binafsi. Dakika za mshono na bili ya umeme ya kiwanda hazimo.

Nionavyo, kuna mambo matatu ya kufanywa kabla masharti ya nguo hayajakamilika.

La kwanza, viwanda vyetu visiingie katika masoko haya ya data kimoja kimoja. Kiwanda kidogo hakiwezi kuajiri wataalamu wa programu, wala hakina nguvu ya kubishana na mnunuzi mkubwa. Mamlaka ya EPZ na Chama cha Watengenezaji Bidhaa Kenya (KAM) wajenge huduma moja ya pamoja, itakayopima kwa kipimo kimoja na kujibu fomu zote. Vijana wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa waweza kuifanya kazi hiyo, nayo ni ajira.

La pili, kila mkataba wa kununua nguo uwe na kifungu cha data: ni data gani, ya kazi gani, atakayeiona ni nani, itakaa muda gani, na gharama ya kuikusanya ni ya nani. Serikali yaweza kutoa mfano wa kifungu hicho, na kuisimamia hoja hiyo katika vikao vya mkataba wetu na EU.

La tatu, wafanyakazi wawe mezani. Nilimuuliza mpwa wangu kama kazi yake hupimwa. Akaniambia kila bunda la mifuko analomaliza huandikwa, na msimamizi ajua kwa saa ameshona mingapi. Hiyo pia ni data. Chama cha wafanyakazi kiulize mapema: je, hesabu hiyo nayo yasafiri hadi Ulaya, na ikisafiri, yaenda na jina lake?

Wakati anaondoka alinikumbusha kwamba sikumjibu swali lake. Nikamwambia jibu analo yeye: suruali imetajwa bei, habari bado. Wakirudi na fomu nyingine, wa kwanza kuuliza awe mwenye kiwanda, si yeye aliyeko kwenye cherehani.