Wanda: jina la Kipoland na daktari wa Buluba

SAFU YA WIKI
Na Kasimiri Nswima

Wanda ni jina la kike la Wapoland. Huandikwa kwa W na hutamkwa kwa V, na limo katika maandishi tangu mwanzoni mwa karne ya 13. Kwa mtu wa Kaoze, Kipeta au Kamsamba sauti hiyo ina maana nyingine kabisa, kwa kuwa Wawanda ni kabila la bonde la Ziwa Rukwa, jirani za Wafipa, wenye lugha yao ya Kiwanda. Msichana akiitwa Wanda huku Rukwa, wengi watadhani amepewa jina la kabila. Majina haya mawili hayana undugu wowote, wala lile la Poland halihusiani na kitenzi cha Kiswahili cha kuwanda. Ni sadfa ya sauti.

Asili ya jina lenyewe bado inabishaniwa. Wako wanaolihusisha na Wavandali, kabila la kale la Ulaya lililovuka bahari na kutawala Afrika ya Kaskazini katika karne ya 5. Wengine hulihusisha na neno la kale la Kipoland lenye maana ya ndoana. Lililo wazi ni kwamba mtu wa kwanza kuliandika ni Askofu Wincenty Kadłubek wa Kraków, katika historia ya Poland aliyoitunga kwa Kilatini takriban mwaka 1200.

Katika masimulizi ya Kadłubek, Wanda ni binti wa Krakus, mfalme aliyeanzisha mji wa Kraków. Baba alipokufa, wananchi walimkabidhi binti utawala. Mtawala mmoja wa Kijerumani akaja na jeshi kutaka nchi hiyo, akidhani haina mwenyewe kwa kuwa inaongozwa na mwanamke. Askari wake walipomwona Wanda walikataa kupigana, na mtawala yule akajiua kwa upanga wake. Wanda hakuolewa, na aliendelea kutawala. Waandishi waliofuata walibadilisha mwisho wa kisa, na Jan Długosz, mwanahistoria wa karne ya 15, akaueneza ule unaojulikana zaidi leo: Wanda anashinda vita, kisha anajitosa katika mto Vistula. Simulizi la kwanza ni bora kuliko la pili. Kadłubek alimwachia malkia ushindi na uhai wake pia. Waliokuja nyuma yake waliona mwanamke aliyeshinda ni lazima alipe kwa kufa. Pembezoni mwa Kraków, katika eneo la Nowa Huta, kipo kilima cha udongo kilichojengwa na watu wa kale, na mapokeo husema Wanda alizikwa hapo. Juu yake pana mnara mdogo wa tai, uliobuniwa na mchoraji Jan Matejko katika karne ya 19.

Msikilizaji wa Ufipa hawezi kulisikia simulizi hilo bila kukumbuka la kwao. Mapokeo ya Wafipa, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyakusanya na kuyachapisha, yanasema utawala wa kale ulikuwa Milanzi, kwa ukoo wa Ntatakwa. Siku moja Mwene, yaani mtawala, alipokuwa mawindoni walifika wanawake watatu wageni. Walimkuta mke wa Mwene peke yake, wakaomba kiti cha utawala, wakakikalia. Mwene aliporudi alikuta nchi imekwisha kubadilika mikono. Hakukuwa na vita: walipatana, Milanzi ikabaki na heshima yake na sehemu yake ya ardhi, na uzao wa wanawake wale ukawa ndio ukoo wa kitawala wa Ufipa. Wapoland na Wafipa hawakuwahi kukutana zama hizo, lakini kila upande uliweka mwanamke kwenye mlango wa historia ya dola yake. Tofauti ni kwamba Ufipa ilimpa mwanamke uzao, na Poland ikamnyima.

Wanda liliendelea kuwa jina la masimulizi kwa muda mrefu kabla ya kuwa jina la ubatizo linalopendwa. Sababu yake ni ya kikanisa: hapakuwa na mtakatifu wa jina hilo, na familia za Kikatoliki zilichagua majina kutoka kalenda ya watakatifu. Mambo yaligeuka katika karne ya 19. Poland ilikuwa imegawanywa baina ya Urusi, Prussia na Austria na kufutwa katika ramani tangu mwaka 1795 hadi 1918, na wazazi waliotaka kukumbusha utaifa wao waliwapa mabinti jina la malkia aliyemkatalia mvamizi. Ndiyo maana Wanda wengi mashuhuri walizaliwa katika nusu ya pili ya karne hiyo na nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Kalenda hiyohiyo ya watakatifu inaeleza kwa nini jina Wanda halikufika Ufipa ilhali majina mengine ya Kislavi yalifika mapema. Mapadri Weupe walioingia Karema mwaka 1885 na kupanda hadi nyanda za juu walibatiza kwa majina ya watakatifu. Humo yakaingia Kasimiri na Stanislausi kutoka Poland, Wenseslausi kutoka Bohemia, na Ladislausi, jina la Kislavi lililovaliwa na mfalme mtakatifu wa Hungaria. Yote hayo ni ya kiume. Upande wa wanawake kalenda ilikuwa finyu mno: Ludmila, bibi yake Wenseslausi aliyeuawa mwaka 921, ni miongoni mwa wachache wenye jina la Kislavi halisi. Kwa hiyo mvulana wa Kifipa angeweza kuitwa jina la mfalme wa Poland bila yeyote kushangaa, na dada yake asipate jina la upande huo.

Wapoland wenyewe walifika karibu na Ufipa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa Poland ya mashariki hadi Siberia na Asia ya Kati. Walipofunguliwa, sehemu yao ilipitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 maelfu, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa katika makoloni ya Uingereza ya Afrika. Tanganyika ilikuwa na kambi za Tengeru karibu na Arusha, Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Uganda ilikuwa na Masindi na Koja. Kambi iliyokuwa karibu zaidi na Sumbawanga ilikuwa ng'ambo ya mpaka, Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Wanda lilikuwa jina la kawaida kabisa kwa wasichana wa kizazi hicho. Tengeru, ambako waliishi takriban watu 5,000, bado kuna makaburi yao yanayotunzwa.

Kati ya Wanda waliojulikana duniani, wa kwanza kwa umri ni Wanda Landowska, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1879. Yeye ndiye aliyeirudisha jukwaani hapsikodi, kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa kama za piano, wakati wanamuziki wengi waliiona ni kitu cha makumbusho. Mwaka 1933 alirekodi kwa ala hiyo tungo za Bach ziitwazo Goldberg, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Kwa kuwa alikuwa Myahudi alilazimika kuikimbia nyumba yake karibu na Paris mwaka 1940, na Wanazi wakapora vinanda na maktaba yake. Alitia nanga New York tarehe 7 Desemba 1941, siku Pearl Harbor iliposhambuliwa, akaishi Marekani hadi kufa kwake mwaka 1959.

Wanda Wasilewska, mwandishi na mwanasiasa aliyezaliwa Kraków mwaka 1905, alichagua upande wa Stalin na kuongoza kutoka Moscow umoja wa Wapoland wakomunisti wakati wa vita. Ni vigumu kumsifu mtu aliyeshika upande wa dola iliyowapeleka Siberia watu wa nchi yake. Wanda Jakubowska, mkomunisti pia lakini wa njia tofauti, alifungwa Auschwitz, akatoka akiwa hai, na mwaka 1948 akatoa filamu kuhusu kambi hiyo, iliyopigwa mahali palepale. Wanda Półtawska alifungwa Ravensbrück, ambako madaktari wa Kinazi walimfanyia majaribio mwilini. Baada ya vita akawa daktari wa magonjwa ya akili na rafiki wa karibu wa Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 101.

Siku Wojtyła alipochaguliwa kuwa Papa, tarehe 16 Oktoba 1978, Wanda mwingine alikuwa kileleni Everest. Wanda Rutkiewicz, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1943, alikuwa mwanamke wa tatu duniani na wa kwanza kutoka Ulaya kufika hapo. Tarehe 23 Juni 1986 akawa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha K2, mita 8,611, bila oksijeni ya mtungi. Katika kalenda ya Poland siku hiyo ndiyo sikukuu ya jina Wanda. Alipotea katika mlima Kangchenjunga mwezi Mei 1992, na mwili wake haukuonekana tena.

Kwa Afrika Mashariki, hata hivyo, Wanda wa kukumbukwa kuliko wote hao ni Dakta Wanda Błeńska, na inasikitisha kwamba nje ya Uganda ni wachache wanaomjua. Alizaliwa Poznań tarehe 30 Oktoba 1911, akahitimu udaktari katika mji huohuo mwaka 1934. Tangu akiwa mwanafunzi alikuwa katika chama cha wanachuo walioshughulika na misheni, lakini vita vilimzuia. Alijiunga na jeshi la siri lililopinga Wanazi, akakamatwa mwaka 1944 na kufungwa hadi wenzake walipofanikisha kuachiwa kwake. Vita vilipokwisha alitoka Poland kwa siri kwenda kumwona kaka yake aliyekuwa mgonjwa Ujerumani. Hakurudi. Alisomea magonjwa ya nchi za joto, mwisho wake Liverpool, na mwaka 1950 akafika Uganda. Mwaka uliofuata akaanza kazi Buluba.

Buluba iko Busoga, kando ya Ziwa Viktoria. Kituo cha wagonjwa wa ukoma hapo kilianzishwa mwaka 1934 na Mama Kevin, sista Mfransisko kutoka Ireland aliyekuwa Uganda tangu mwaka 1903. Dakta Błeńska alifika wakati tiba ya ukoma ilikuwa ikibadilika. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa sindano za mafuta ya chaulmoogra, zenye maumivu mengi na nafuu ndogo. Vidonge vya dapsoni ndivyo vilivyoanza kuwaponya watu kweli, ingawa ilibidi vimezwe kwa miaka, na baadaye vijidudu vikaanza kuvizoea, hadi Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto mwaka 1981. Daktari huyu alifanya kazi katika vipindi vyote hivyo.

Ukoma hushambulia neva za ngozi. Mgonjwa hupoteza hisia, haoni uchungu wa moto wala wa mwiba, na vidonda visivyouma ndivyo vinavyoharibu vidole na nyayo. Watu wengi mno wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huu, lakini hofu ya kuambukizwa ilitosha kumtenga mtu na mkewe, watoto wake na shamba lake. Dakta Błeńska aliipiga vita hofu hiyo kwa mikono yake. Aliwapima wagonjwa bila glavu, akijua hasa anachofanya, ili wao na wauguzi waone kwamba ngozi ya mkoma ni ya kuguswa kama ya mgonjwa mwingine yeyote. Kitendo hicho kina uzito sawa na upasuaji wowote alioufanya, kwa sababu dawa huua vijidudu na haimrudishi mtu nyumbani kwake. Kilichomrudisha ni jirani kuona kwamba daktari amemshika mkono na hakudhurika.

Chini ya uongozi wake kituo kilikua kikawa hospitali kamili, na wahudumu wa afya wakaletwa hapo kujifunza kutambua na kutibu ukoma. Mwaka 1983 alimkabidhi uongozi daktari wa Uganda, Joseph Kawuma, naye akabaki Buluba akisaidia hadi miaka ya 1990. Hakuwa sista. Alikuwa mlei, mwanamke asiyeolewa, aliyetumia zaidi ya miaka 40 ya maisha yake Uganda, ikiwamo ile ya Idi Amin na ya vita vilivyofuata. Alifariki Poznań tarehe 27 Novemba 2014, akiwa na miaka 103. Kituo cha mafunzo cha Buluba kina jina lake.

Mwaka 2020 Jimbo Kuu la Poznań lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Katika njia hiyo ametanguliwa na Wanda Malczewska, mlei mwenzake aliyeishi kati ya mwaka 1822 na 1896, ambaye Kanisa lilithibitisha ushujaa wa fadhila zake mwaka 2006. Kila mmoja anahitaji muujiza uliothibitishwa ili awe Mwenyeheri, na mwingine ili awe Mtakatifu. Kwa upande wa Dakta Błeńska ushahidi mwingi hauko Poland. Uko kwa Wasoga na Waganda waliotibiwa naye, na waliolazwa Buluba katika miaka ya 1950 ni wazee sana sasa. Jimbo la Jinja na majimbo jirani yana kila sababu ya kuandika habari hizo mapema, kwa lugha za wasimuliaji wenyewe. Mchakato ukifika mwisho, kalenda itapata Wanda wake, na padri wa Kaoze au Sumbawanga ataweza kulitumia jina hilo kubatizia kama alivyotumia Kasimiri.